Aliyepiga Chafya Kwenye Laini

Juzi nilialikwa Mukuyuni kuzungumza na vijana wanaosomea uandishi wa habari. Mmoja wao, binti mwenye miwani, akaniita Susu, yaani bibi kwa Kikamba, akaniuliza mbele ya wenzake, "Susu, nyinyi mlipotoa siri za serikali gazetini, hamkuogopa kuharibu nchi?" Nilimjibu kwa maneno matatu, kwa sababu wali ulikuwa umeiva na mwenyekiti alikuwa anatazama saa. Nilisema, "Tuliogopa sana, mwanangu." Halafu tukala.

Lakini njiani kurudi nyumbani niliona sikumtendea haki. Swali lake liliwahi kutugawanya watu wazima wa eneo zima, likaingia kanisani, likavunja uchumba mmoja ninaoujua, na mpaka leo halijaisha. Basi wewe binti mwenye miwani, pamoja na wenzako, sogeeni niwaeleze vizuri.

Mimi nilizaliwa Kitui nikaolewa Makueni, na hadi leo watu wa huku hunicheka nikizungumza Kikamba, ati ninavuta maneno kama anayevuta ndoo kisimani. Kazi yangu yote niliifanya katika gazeti dogo lililoitwa Ngewa, yaani mazungumzo. Msilifikirie kama magazeti mnayoyajua. Zilikuwa karatasi chache zilizobanwa kwa stepla: Kiswahili mbele, Kikamba nyuma, na katikati matangazo ya harambee na mazishi. Ofisi ilikuwa chumba kimoja nyuma ya duka la mbegu, katika mji mdogo wa kando ya reli. Jina la mji sitalitaja, kwa maana wajukuu wa wahusika bado wanakunywa chai pamoja.

Mhariri wetu alikuwa Mzee Kimeu, mtu mwembamba aliyefanya kazi ya uchapaji Nairobi mpaka macho yakachoka. Yeye ndiye aliyenifundisha. Alikuwa akisema, "Mutindi, habari ni kama mbuzi wa sokoni. Muuzaji atakuapia kuwa ni mchanga. Wewe mfungue mdomo uone meno."

Mwezi wangu wa kwanza sikufungua mdomo wa mbuzi. Nilikutana na kijana mmoja sokoni, nikamuuliza habari za baba yake, akaniambia, "Yule mzee kwangu amekufa." Mimi nikaenda nikaandika tanzia. Wiki iliyofuata marehemu aliingia ofisini na bakora yake, akataka aonyeshwe kaburi. Kumbe walikuwa wamegombana na mwanawe juu ya shamba. Mzee Kimeu hakunipigia kelele. Alimkaribisha marehemu kiti, akaniambia nimtengenezee chai, halafu niandike maisha yake yote tangu kuzaliwa, kwa kuwa tayari tulikuwa tumemzika bila historia. Niliandika mpaka jioni. Tangu siku ile sijawahi kuandika jambo kwa kuambiwa na mtu mmoja.

Nyinyi siku hizi mnafuta kosa kwa kidole. Sisi tulipiga taipureta juu ya stensili, na ukikosea herufi unapaka dawa nyekundu inayonuka kama rangi ya kucha, unaipuliza, ndipo unapiga tena. Nilikwenda kanisani kila Jumapili na vidole vyekundu. Mke wa pasta aliniombea muda mrefu kabla sijapata nafasi ya kumweleza.

Sasa tuje kwenye siri yenyewe. Ilikuwa miaka ile ya mwisho ya chama kimoja, wakati watu walizungumza siasa huku wakitazama nyuma yao, na mkutano wowote ulihitaji leseni. Mama Mbithe alikuwa mwenyekiti wa mwethya, kile kikundi chetu cha akina mama cha kusaidiana kazi, na walikuwa wamepanga kujenga ukuta mtoni wa kuzuia mchanga ili maji yabaki. Jioni ya kuamkia kazi, mwenye shamba la kando ya mto akakataa wasipite kwake. Mama Mbithe akaenda kwenye simu ya misheni, akampigia Bwana Abdi kule Sultan Hamud. Bwana Abdi alikuwa mtu wa Garissa, mwenye lori, na ndiye aliyekuwa alete saruji. Kwa hivyo alizungumza naye kwa Kiswahili. Alimwambia, "Tumebadilisha mahali. Kesho tuko kwenye kona ya mto, chini ya shule. Tunakuja wote na mapanga na nyundo. Tukifika tu, tunaanza kuvunja."

Akina mama wenzake hakuwaambia. Aliona atawaambia asubuhi wakikutana pale pa kwanza.

Asubuhi nami nikaenda nao ili niandike habari. Tukashuka mpaka kona ya mto, tukiimba. Kufika, tukakuta lori la polisi limefichwa kwenye vichaka, na askari wamelala chini kwa matumbo, mmoja akiwa amelala juu ya siafu na akijitahidi asionyeshe. Sajini akatoka.

"Mkutano huu una leseni?"

"Mkutano gani, afande?" Mama Mbithe akauliza. "Sisi tuna mawe."

"Tuna habari kwamba kuna watu wameagizwa kuvunja."

"Ndiyo."

"Kuvunja nini?"

"Mawe, afande."

Sajini akayatazama mawe. Akatazama nyundo. Akawatazama akina mama, wengine na watoto mgongoni. Nafikiri alikuwa anatafuta namna ya kuondoka kwa heshima, lakini Mama Mbithe hakumpa nafasi. "Na kwa vile serikali imekuja na lori," akasema, "yale makubwa yako kule juu." Walibeba mawe mpaka mchana. Sajini mwenyewe alivua koti, kwa sababu alikuwa mtoto wa fundi mwashi na hakuweza kuvumilia kuona ukuta ukipinda. Ule ukuta upo hadi leo, na sehemu iliyonyooka ni yake.

Tulipokuwa tunanawa mikono, Mama Mbithe alinivuta kando. "Mutindi, ni nani aliwaambia hawa tuko hapa? Hata akina mama wenyewe walikuwa hawajui."

Nikampelekea Mzee Kimeu swali hilo. Alifikiri kidogo, akanyoosha kidole kwenye simu iliyokuwa mezani petu.

Niwaeleze simu ya wakati huo. Ilikuwa na mkono wa kuzungusha. Ukizungusha, opereta pale posta anaitika, unampa namba, yeye anachomeka waya kwenye ubao na kukuunganisha. Mtu wa tatu akiinua mkonga, sauti hufifia, kama chungu kimefunikwa. Sisi tulikuwa tumezoea kufifia huko tukidhani ni mvua. Lakini miezi ile kulikuwa na jambo jingine ambalo watu walilitaja kwa mzaha tu. Laini ilikuwa inapiga chafya.

Mimi mwenyewe nilikuwa nimeisikia nikizungumza na dada yangu aliyeko Kitui. Nikamwambia, "Pole." Dada akasema, "Pole ya nini? Si mimi." Tukategea sikio. Ikapiga tena, chafya ya mwanamume mzima, na baada yake mtu akapenga kamasi polepole akidhani hatusikii. Vumbi letu la kiangazi halina urafiki na wageni.

Mzee Kimeu akasema, "Huyo mbuzi tumfungue mdomo." Akapanda gari hadi Sultan Hamud, akanipigia simu kutoka dukani. Akazungumza Kiswahili safi, kwa sauti ya mtu anayenong'ona lakini anataka asikike. "Mutindi, mzigo unakuja kesho na treni ya asubuhi. Ni wa moto. Mtu asiufungue. Atakayeupokea atakuwa na kofia nyekundu."

Mzigo ulikuwa kikapu chenye kuku anayelalia mayai, na mwenye kuatamia ana joto, kwa hivyo uongo haukuwamo. Kofia nyekundu aliichagua kwa sababu katika mji wetu hakuna mtu aliyekuwa nayo. Hivyo ndivyo alivyoamini.

Asubuhi nilisimama stesheni nikijifanya nanunua ndizi. Nikaona wanaume wanne wenye makoti marefu, katika jua lile, wakisoma gazeti moja. Treni ikasimama. Mzee Kimeu akashuka, akaweka kikapu kwenye benchi, akaenda zake. Na hapo akatokea Diwani Musau, mtu wa chama, sauti kubwa kuliko zote katika tarafa, aliyekuja kumpokea mgeni wa harambee. Kichwani alikuwa na kofia mpya. Nyekundu kama pilipili.

Diwani akakiona kikapu. "Hiki ni cha nani?" akauliza, akakiinua.

Wale wanne wakamrukia. "Polepole! Ni wa moto!" mmoja akapaza sauti, na stesheni nzima ikalala chini, na mimi na ndizi zangu. Diwani peke yake ndiye aliyebaki wima, kwa kuwa alikuwa ameshikwa.

"Mimi ni Diwani! Mimi ndiye chama hapa!"

"Ndivyo kila mtu husema," akajibiwa.

Wakamwamuru aweke kikapu chini. Mmoja akakifungua kwa fimbo ndefu, uso ameugeuza pembeni. Kuku akatoa kichwa, akawatazama mmoja mmoja, akamdonoa mwenye fimbo. Hata hivyo walimchukua Diwani kwenda kumhoji, maana kazi ikishaanza lazima iishe. Alirudi kabla ya chakula cha mchana, kofia imebondeka, na kwa mara ya kwanza tangu nimjue alipita sokoni bila kusalimia mtu.

Tulicheka sana ofisini. Kicheko kilikoma Jumapili.

Ndunge, opereta wa posta, alikuwa mwenzangu wa kwaya. Baada ya ibada tulibaki tunaosha sufuria za chai nyuma ya kanisa, na bila kuinua macho akaniambia, "Siku zote ukipiga simu unanisikia nikikohoa. Nilikuwa nakuonya."

Akanieleza yote. Aliletewa kijana kutoka mbali, akaambiwa ni fundi wa laini. Fundi mwenyewe hakuwa hata na bisibisi. Alikaa kwenye kona na visikizi masikioni, akila viazi vitamu. Na alikuwa na shida moja kubwa: kazi hiyo aliipata kwa kusema anajua Kikamba, kumbe hajui hata kusalimia. "Kila simu ya Kikamba ananiuliza, 'Dada, wanasema nini?'"

"Na wewe unamwambia?"

"Namwambia ninachotaka. Mtu akitukana serikali, namwambia ng'ombe amepotea. Nafikiri huko juu wanajua kwamba Ukambani kuna wizi mkubwa sana wa ng'ombe." Akatabasamu, halafu tabasamu likaondoka. "Lakini ya Kiswahili anasikia mwenyewe. Unamkumbuka Mwalimu Nzioka?"

Nani asingemkumbuka? Alikuwa mwalimu wa hesabu pale mjini, na alikuwa ametoweka ghafla, amehamishiwa kaskazini kabisa, mahali pa kufika kwa lori na maombi. Aliwaacha mke na mama yake mzee. Tuliambiwa ni uhamisho wa kawaida.

"Alimpigia shemeji yake," Ndunge akasema. "Akamwambia ameona mahindi ya msaada yakiuzwa dukani. Kiswahili kitupu. Wiki iliyofuata akapewa barua. Mutindi, simu ile niliiunganisha mimi. Kwa mkono huu." Akautoa majini akautazama kama si wake. "Andikeni. Lakini mkinitaja, nami nitafuata njia yake."

Hapa, vijana, ndipo kazi ilipo. Kupata siri ni rahisi. Watu wamejaa siri kama maboga yalivyojaa mbegu. Kazi ni kuitoa bila kumpasua aliyekupa. Pale posta walikuwa watatu tu: Ndunge, bwana posta, na Fundi. Tukiandika neno moja ambalo lingeweza kutoka ndani ya chumba kile, wangemjua kabla wino haujakauka.

Mimi nilitaka tuandike yote, na Mwalimu awe juu kabisa. Mzee Kimeu akakataa. "Kuna tunachokijua," akasema, "na kuna tunachoweza kusema tulikiona njiani kama mtu yeyote. Tutachapa hicho cha pili." Nikamwambia huo ni woga. Akasema, "Ndiyo, ni woga. Kwa ajili ya Ndunge." Na mke wa Mwalimu naye alipokuja kutusihi tusimtaje mumewe asije akapelekwa mbali zaidi, nikakubali.

Basi tukaandika mambo matatu: polisi waliofika mtoni kabla ya wenye mto, Diwani aliyekamatwa na kuku, na chafya. Tuliwauliza watu zaidi ya ishirini kama wameisikia, na kila mmoja alituigia. Kichwa cha habari nilitaka kiwe "Serikali Yasikiliza Simu Zetu". Mzee Kimeu akaandika "Ni Nani Anayepiga Chafya Kwenye Laini?" Akaniambia swali halishtakiwi kirahisi.

Tulizungusha mkono wa mashine ya kuchapia mpaka bega likakataa. Nakala zikaisha sokoni kabla ya saa nne.

Na hapo mjadala ukalipuka. Nilidhani watu wote watakuwa upande wetu. Nusu walitaka tuchapwe viboko. Kwenye hoteli za chai walisema, "Serikali ni baba. Baba akisikiliza mlangoni kwa watoto wake, kosa liko wapi?" Wengine wakajibu, "Baba anayesikiliza mlangoni siku moja atasikia habari zake mwenyewe." Kijana mmoja wa Kasikeu na mchumba wake waliachana juu ya jambo hilo, ingawa wengine husema jambo lenyewe ni kwamba binti aligundua nani mwingine alikuwa akipigiwa simu. Pasta akahubiri kwamba asiye na dhambi haogopi sikio. Mhazini wa kanisa akainua mkono, jambo lisilofanywa katikati ya mahubiri, akauliza kwa nini basi Pasta ameacha kutumia simu ya misheni tangu Ijumaa.

Wapo pia waliokasirika kwa kutosikilizwa. Mzee mmoja wa heshima alikuja ofisini akiwa ameumia kweli. "Nimekuwa na simu miaka na miaka," akasema. "Sijasikia chafya hata moja. Kwani mimi ni mtu bure?"

Lakini ajabu kubwa ilikuwa hii: Fundi hakuondolewa. Wangemwondoaje, na walikuwa wamesema hayupo? Watu wakajua yupo, wakaanza kumsalimia. Mtu akiunganishwa husema kwanza, "Na wewe kijana uliye hapo kati, umekula?" Mama Mbithe alimwagizia dawa ya mafua kwa simu, akamweleza jinsi ya kuichemsha. Halafu mtu mmoja mwerevu akasema kwenye laini, kwa Kiswahili na polepole, "Bwana wa chafya, bomba la sokoni limekauka tangu mwezi uliopita, na akina mama wamekasirika, na wakikasirika sijui siasa zitaenda wapi." Bomba likatengenezwa. Mtu mwingine akataja daraja. Wakaja kulipima. Tulikuwa tumeandika barua juu ya daraja hilo mpaka tukachoka!

Ndipo DO, yaani mkuu wa tarafa, akaitisha baraza.

DO wetu alikuwa kijana mwenye sauti nzuri, akasimama mbele ya umati akasema gazeti la Ngewa limetoa siri za usalama. Mtu wa nyuma akauliza, "Kwa hivyo ni kweli?" DO akasema si kweli. "Basi si siri," yule mtu akasema, "ni uongo. Tuambie ni lipi, tujue vile tutawalaani." DO akanywa maji, akamwita Diwani Musau aje atulaani badala yake.

Diwani akaanza kwa nguvu. "Serikali ina haki ya kuwasikiliza wabaya! Mtu mzuri hana cha kuficha!"

"Na wewe ulikuwa na nini, Diwani?" Mama Mbithe akauliza.

"Kuku," akajibu, na baraza likaanguka kwa kicheko. Yeye hakucheka. Alisimama pale akishika kichwa pasipo kofia, na aliposema tena sauti yake ilikuwa ya chini. "Nimekitumikia chama hiki tangu ujana. Nilipowaambia mimi ni nani, hakuna aliyeniamini." Akaketi. Haikuwa hotuba ambayo DO aliipanga.

Bwana Abdi wa lori akasimama. "Sisi watu wa kaskazini tumesikilizwa tangu mimi mtoto," akasema. "Nilidhani ni sisi peke yetu. Poleni, ndugu zangu. Mtazoea." Watu hawakujua kama wacheke.

Lakini aliyetunyamazisha alikuwa mzee mmoja aliyewahi kuwa jeshini. Hakupaza sauti. "Rafiki yangu alikufa porini," akasema, "kwa sababu mtu alitaja njia tutakayopita. Ziko siri zinazolinda watu. Nyinyi wa gazeti mtajuaje ipi ni ya kulinda na ipi ni ya kuficha?"

Hilo ndilo swali lako, binti mwenye miwani, na halijawahi kuulizwa vizuri kuliko siku hiyo. Mzee Kimeu akavua miwani yake. "Mzee mwenzangu, si kila mara ninajua," akasema. "Kama ningeambiwa njia ya askari, ningenyamaza mpaka kaburini. Lakini kule mtoni nilitafuta adui sikumwona. Niliona mama zetu na mawe." Yule mzee akasema, "Hapo sikupingi." Sikumsikia akisema kwamba tulikuwa sawa. Alisema hapo hatupingi.

Baraza lilipoisha tukachukuliwa, mimi na Mzee Kimeu. Tuliwekwa mbele ya mkubwa mmoja aliyetoka Nairobi. Akauliza ni nani pale posta aliyetupa habari.

"Huyo wa chafya, afande," Mzee Kimeu akasema. "Alipiga chafya mwenyewe."

Mkubwa akamwita Fundi. Ndiyo kwanza namwona: kijana mrefu, macho mekundu kwa vumbi, leso mkononi.

"Huyu opereta alijua kazi yako?"

Nikamwona Fundi akipiga hesabu. Akisema ndiyo, Ndunge angeitwa, na Ndunge angesema kila siku alikuwa anamtafsiria. "Hapana, mkubwa," akasema. "Sikumwuliza kitu. Nakijua Kikamba mwenyewe."

Mkubwa hakuwa mjinga. "Mzee," akamwambia Kimeu, "sema jambo kwa lugha yenu. Na wewe utafsiri."

Mzee Kimeu akamtazama kijana kwa huruma, akasema kwa Kikamba kinyoofu: kijana huyu hajui hata neno moja, na Mungu asipomfungua kinywa sasa hivi tutazama wote pamoja.

Fundi akajifuta pua. "Anasema... anaomba msamaha, mkubwa. Na kwamba mvua zimechelewa."

"Ni kweli?" Mkubwa akamgeukia Kimeu.

"Neno kwa neno, afande," Mzee Kimeu akasema. "Kijana anakijua kunishinda."

Katika maisha yake yote ya uandishi nafikiri huo ndio uongo pekee niliomsikia akisema waziwazi, na aliusema kwa uso wa mtu anayesoma Zaburi. Tulilala kwenye benchi la kituo usiku huo, kesho yake tukaachiliwa. Mashine yetu ilichukuliwa kwa uchunguzi. Tuliletewa baada ya miezi mingi, mkono wake umepotea, na ndani kukiwa na stensili ya tangazo la mechi ya mpira ya askari. Ndunge hakuguswa. Alikaa posta mpaka mitambo mipya ilipokuja ikamwondoa kazini, kama ilivyowaondoa wenzake.

Fundi akahamishiwa Kitui, na huko dada yangu anasema alioa, na mkewe akamfundisha Kikamba chote, hata matusi. Na sisi tukalaumiwa upya! Watu walisimama mlangoni pa ofisi wakisema, "Daraja limepimwa na halikujengwa. Serikali ilikuwa inatusikiliza, nyinyi mkaenda kuiziba masikio."

Nimeacha moja. Ni la wiki ile ile gazeti lilipotoka.

Mama yake Mwalimu Nzioka alikuja ofisini kwa miguu, na fimbo. Alikuwa hajui kusoma. Alikuwa na nakala yake, ameikunja ndani ya kanga. Akaifungua mezani, akasema, "Nionyeshe mahali mwanangu alipo."

Nikamweleza. Nikamwita mwaitu, yaani mama, nikamwambia hatukumtaja kwa kuwa tulikuwa tunamlinda yeye na mtu mwingine. Alisikiliza mpaka mwisho.

"Kwa hivyo hayupo."

"Hayupo, mwaitu."

Akasukuma karatasi kwangu. "Mwandike."

Nilimtazama Mzee Kimeu. Alikuwa ameinamia taipureta kana kwamba hasikii. Nikachukua kalamu, na pembeni mwa ukurasa wa kwanza, mahali pasipo na maneno, nikaandika kwa mkono wangu jina la mwanawe, na chini yake nikaandika kwamba alikuwa mwalimu wa shule ya msingi, na kwamba alihamishwa kwa kusema kweli kwenye simu. Nikamsomea. Akaniambia nimsomee tena. Halafu akaikunja akaondoka nayo.

Mwalimu alirudi miaka michache baadaye, siasa zilipolegea, mweusi kwa jua na amezoea chai ya maziwa ya ngamia. Nilikwenda kumsalimu. Karatasi ilikuwa ukutani kwa mama yake, imebandikwa kwa ugali. Tayari alikuwa ameisoma, na walimu hawaachi ualimu: alikuwa amekata "shule ya msingi" kwa mstari mmoja mnyoofu, akaandika juu yake "sekondari", na pembeni akanipa saba kwa kumi.